Safu ya Mwisho

Bweni halijachimbiwa hata msingi
nami nimeshaanza kuhesabu mabaki yake.
Nimekaa juu ya tofali, daftari pajani,
upepo wa Newala unafunua kurasa kabla yangu.
Safu ya kwanza: kitu. Ya pili: kiasi.
Ya tatu: nani ashughulike.
Ya nne nimeiita "Mwisho wake",
na hapo kalamu imegoma.

Fundi Nalinga ananicheka.
"Wenzio huanza na ramani, wewe unaanza na jalala."
Namwambia, mpishi hujua maganda yatakwenda wapi
kabla hajashika kisu.
Anacheka tena, lakini anasogea kuchungulia.

Mifuko ya saruji, mia saba na themanini.
Nikiiacha, mmoja utakuwa kofia ya mvua,
mwingine mkeka wa kulalia mchana,
iliyobaki itapaa ikanase kwenye mikorosho
na kuning'inia huko hadi masika.
Naandika: ikung'utwe, ikunjwe, ifungwe ishirini ishirini.
Vipande vya nondo: virefu vikatwe ringi,
vifupi aje Chiputa wa vyuma chakavu, Jumamosi,
kwa mizani yetu, si yake.

Mbao za kumwagia zege, Bi Namkuna kashaziomba kuni.
Nyeupe nampa. Zile za kijani, zilizonyweshwa dawa,
nimemwambia: mama, moshi wake utakula nasi sahani moja.
Akanyamaza. Akazitenga kwa ncha ya kandambili
kama anayemsogeza nyoka asiyejua kama kafa.

Maji ya kuoshea mashine ya zege.
Hapa kwetu maji hayamwagwi.
Mama aliyafuata bondeni usiku wa manane,
akapanda na ndoo kichwani, mimi mgongoni,
jua likamkuta njiani.
Aliyonawia yaliosha vyombo,
yaliyoosha vyombo yalinywesha mche wa mpapai.
Basi: mapipa matatu.
Katika la kwanza yatuame, la pili yatuame tena,
la tatu yarudi kwenye mchanganyiko.
Safu hii sikuifikiria hata kidogo.

Halafu darasa la zamani, Tatu B,
litakalovunjwa Jumatatu.
Mawe yarudi kwenye msingi. Milango miwili, stoo.
Paa lake la asbesto
lisipigwe nyundo, lisiburuzwe,
asigawiwe mtu kuezekea jiko.
Lilowanishwe, lifungwe nailoni mara mbili,
lisubiri wenye kibali kutoka Mtwara mjini.
Tulikaa chini yake tukikariri saba mara saba,
vumbi likishuka taratibu ndani ya mwali wa jua,
nami nikiliona zuri.

Dadi wa tipa ameegemea tairi, anatafuna muhogo.
"Makaratasi yote hayo ya nini?
Shimo la Mungu lile pale, mwendo wa dakika kumi.
Tangu nizaliwe halijajaa."
Sepetu zimesimama. Wananitazama.
Nasema: Dadi, chini ya lile Shimo kuna watu.
Kuna chemchemi iliyonikuza.
Kopo la rangi likiviringika toka huku
halisimami hadi kwenye ndoo ya mama wa mtu.
Na Mungu hakutuachia notisi
kwamba alichimba kwa ajili yetu.

Anatema nyuzi za muhogo.
"Sawa. Tripu nne za kifusi nipeleke wapi?"
Hapo kanishika.
Nafikiri ile njia ya zahanati iliyoliwa na mvua,
ambapo pikipiki ya wajawazito hushuka na kusukumwa.
Naandika kwa penseli, si kwa wino:
"Njia ya zahanati, mwenyekiti akikubali."
"Asipokubali?"
"Tutamuuliza tena."

Mstari mmoja umebaki, "Mengineyo",
na sijui la kuweka.
Misumari iliyopinda? Gundi iliyokauka? Siku tutakazopoteza?
Nimekosea, nimechora nje ya jedwali.
Nachana ukurasa, naufinyanga,
nainua mkono, natazama huku, natazama kule.

Fundi Nalinga kakunja mikono, anangoja.

Nautia mfukoni.